Mazoezini wanawaka, mbele ya maiki wanapooza: kurekodi wimbo na watoto wa kambi ya likizo

#1 Mlezi_wa_Kambi
Wakuu, habari za usiku. Naomba akili zenu, nimebakiwa na siku tatu.

Nasimamia kikundi cha muziki kwenye kambi ya likizo. Watoto 14, umri miaka 7 hadi 11. Wametunga wimbo wao wenyewe, beti tatu na kiitikio, kuhusu mvua iliyotukuta njiani siku ya pili. Tuliwaahidi kwamba siku ya kufunga kambi, Jumapili, kila mtoto ataondoka na rekodi yake.

Jumatano jioni tulifanya mazoezi ukumbini. Niliweka simu juu ya kiti nikarekodi, nia yangu ikiwa kukumbuka mpangilio tu. Usiku nikaisikiliza, nikasisimka mwili mzima. Kiitikio kinaingia kama kundi limefungua mlango kwa bega.

Leo Alhamisi alasiri, baada ya michezo, tukarekodi "kwa uhakika": kompyuta, maiki ya kondensa (ile nyeti ya studio), hedifoni, chumba kidogo nilichokizungushia magodoro. Niliwaingiza wanne wanne nipate sauti safi, wakiimba kufuata kinanda nilichokuwa nimeshakirekodi pamoja na metronomu (kipima mapigo). Hakuna aliyekosea maneno. Rekodi ni safi, na imekufa. Ukiisikiliza unadhani wanasomewa majina darasani na kila mmoja anaitikia "nipo".

Nini kimetokea kati ya Jumatano na Alhamisi? Mimi nasema ni woga wa maiki. Nipingeni.

#2 Sikio_Kali
Nakupinga. Mtoto anaiogopa maiki kwa dakika tano, ya sita anataka kuishika. Tatizo ni hedifoni. Uliwaziba masikio yote mawili? Mtoto ambaye hajazoea, ukimziba masikio, anaanza kujisikia ndani ya fuvu badala ya kujisikia chumbani. Anapunguza sauti na nota inashuka. Wavue sikio moja.

Halafu tuambie: hedifoni za waya au Bluetooth?

#3 Mlezi_wa_Kambi
Mbili za waya, mbili Bluetooth. Ndizo zilizopatikana.

#4 Sikio_Kali
Basi wawili kati ya kila wanne walikuwa wanakisikia kinanda kikiwa kimechelewa. Bluetooth za kawaida huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Piga hesabu: wimbo wa mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.6. Kwa hiyo mtoto wa Bluetooth anaingia karibu moja ya sita ya pigo nyuma ya jirani yake, kila mstari, wimbo mzima. Wote wanne wanasikia kwamba hawako pamoja na kila mmoja anadhani kosa ni lake. Mtoto akidhani anakosea, ananong'ona.

Nimemaliza. Uzi ufungwe.

#5 Mwl_Solfa
Usifunge uzi wa watu, Sikio. Kila uzi wewe ni hedifoni tu.

Mlezi, naomba kujua vitu viwili. Kinanda ulikipiga kwenye ufunguo gani? Na wewe ni mwanamume?

#6 Mlezi_wa_Kambi
G, mwalimu. Na ndiyo, ni mwanamume. Ubeti unaanzia do, na nota ya juu kabisa ni la.

#7 Mwl_Solfa
Nilidhani hivyo. Umechagua ufunguo unaokutosha wewe. Ile do ya G unayoiona iko vizuri kooni mwako, mtoto akiifuata anaangukia G iliyo chini ya C ya kati, mitetemo 196 kwa sekunde. Kwa mtoto wa miaka minane hapo ni shimoni: anaongea, haimbi. Watoto wa umri huo wengi wanaimba kwa raha kuanzia D iliyo juu ya C ya kati hadi D inayofuata, yaani takriban mitetemo 294 hadi 587 kwa sekunde. Wewe umewaweka chini ya sakafu halafu unawauliza mbona hawapandi.

Mwanamume anapowafundisha watoto, wako wanaomfuata oktava yake na wako wanaokwenda oktava ya juu. Wengine wanabaki katikati wakitafuta, na hao ndio watu huwaita "hawana sikio". Sikio wanalo. Waliyepewa wamfuate ndiye anaimba mahali wasipofika.

#8 Kinanda88
Mwalimu hapo umenigusa. Nikiwa na miaka tisa niliambiwa nifungue mdomo tu bila kutoa sauti, siku ya kurekodi. Nilitii. Mpaka leo nikiisikiliza rekodi ile najua mahali nilipokuwa nimesimama, na hapo pako kimya.

#9 MamaKwaya
Pole sana Kinanda. Jambo hilo lisifanywe kwa mtoto yeyote.

#10 Fundi_Mitambo
Mwl_Solfa, hoja yako ina tobo. Jumatano ni watoto walewale, wimbo uleule, mlezi yuleyule, na wakawaka. Kama ufunguo ndiyo kosa, basi na Jumatano wangepooza.

Mimi nadhani mnalinganisha vitu visivyolingana. Simu nyingi zikirekodi zinajirekebisha zenyewe: sauti ndogo inanyanyuliwa, kubwa inabanwa, kila kitu kinaletwa mbele. Ongeza mwangwi wa ukumbi. Masikio yakisikia hivyo yanasema "uhai". Rekodi ya kompyuta ikiwa bado mbichi haijabanwa, iko chini, haina chumba. Sauti iliyo juu kidogo huwa inaonekana bora hata kama ni kitu kilekile. Zilinganishe zote mbili zikiwa na kimo kimoja cha sauti ndipo useme ipi imekufa.

Na yale magodoro. Godoro linakula sauti za juu, za chini linaziacha. Utamu wa sauti ya mtoto uko juu. Umebakiza blanketi linaloimba.

#11 Mlezi_wa_Kambi
Nimekaa nazo saa nzima. Nimezisawazisha kama Fundi alivyosema. Sehemu ya tofauti imeondoka, nakiri, ila si yote. Jumatano bado inapumua.

Kuna nilichokigundua nilipoilinganisha simu na kinanda: Jumatano hawako kwenye G. Wako B flati, nusu toni tatu juu. Na nimehesabu mapigo kwa saa. Metronomu yangu ilikuwa 92, wao Jumatano wanakwenda kama 104.

#12 Mwl_Solfa
Fundi, tobo limezibwa. Wamejipandisha wenyewe, na hata B flati bado iko chini kwao.

#13 Sikio_Kali
Subirini. Kundi linaloimba bila ala kawaida hushuka, halipandi. Kwaya yoyote ikiimba mtupu dakika nne ukigusa kinanda mwishoni unakuta imeteremka. Hawa wamepandaje nusu toni tatu?

#14 Mwl_Solfa
Hawakupanda, walianzia huko. Mlezi, Jumatano ni nani alianzisha wimbo?

#15 Mlezi_wa_Kambi
Duh.

Nilikuwa nimeinama nafungua nyaya zilizojifunga mafundo. Kuna binti wa miaka tisa alichoka kusubiri akaanzisha mwenyewe. Alipiga kofi mara mbili pajani, akanong'ona "moja, mbili", wakaingia wote. Nimeirudia sasa hivi, kunong'ona kwake kunasikika kabisa.

#16 Mwl_Solfa
Ndiyo hiyo. Nota na mwendo vilitoka kwenye kifua cha miaka tisa.

#17 BabaWawili
Nasoma kimyakimya tangu mwanzo, leo nachangia. Niliwahi kusaidia kambi miaka minne mfululizo. Mnaongea nota na mitambo, hamjauliza walisimamaje. Mlezi, Jumatano walikuwa kwenye duara au mstari?

#18 Mlezi_wa_Kambi
Jumatano duara, wengine wamekaa chini. Alhamisi nusu mstari mbele ya maiki, wote wanaiangalia.

#19 BabaWawili
Mtoto anaimba kwa macho. Anamtazama mwenzake, anaona mdomo unafunguka, naye anafungua. Ukiwapanga wote watazame chuma, kila mmoja amebaki peke yake hata wakiwa wanne. Halafu ulivyowagawa wanne wanne umeua kile kishindo cha watu 14. Katika watu 14 yupo wa kujificha nyuma yake, na anayejificha ndiye anayethubutu kupaza sauti. Wakiwa wanne kila mtu anasikika, kwa hiyo kila mtu anajichunga.

Kwetu mwaka wa kwanza tuliwarekodi mmoja mmoja ili baadaye tuwapange vizuri kwenye kompyuta. Tulipata sauti 11 zenye adabu. Mwaka wa pili duara, maiki katikati juu, tukapata wimbo. Sijawahi kurudi nyuma.

#20 MamaKwaya
Salaam wote. Mmetaja kila kitu mkaruka koo lenyewe.

Mlezi alisema "alasiri, baada ya michezo", na kama Jumapili ndiyo kufunga, Alhamisi kambi imeshakwenda siku kadhaa za kupiga kelele uwanjani. Nyuzi za sauti za mtoto ni fupi. Mtoto akiongea kawaida tu zinagongana mara 250 hadi 300 kwa sekunde, za mwanamume mzima ni kama mara 100 na ushee. Sasa mpe kushangilia timu yake kutwa, vumbi, maji kidogo, kulala kwa kuchelewa. Kufika siku ya nne zimevimba. Hapo wa kwanza kupotea ni sauti laini ya juu. Mtoto akiona haitoki anaibana kwa nguvu au anaiacha. Anayeiacha ndiye huyo anayeitikia "nipo" kwenye rekodi yako.

Rekodi asubuhi, saa moja na zaidi baada ya kuamka, kabla mtu hajagusa mpira. Maji. Dakika 20 za kazi, wapumzike. Usiwarudishe raundi ya tisa kwa sababu kuna mmoja alikohoa.

#21 Kinanda88
MamaKwaya, nami nimeshuhudia. Kambi yetu siku ya mwisho kulikuwa na watoto watatu wasiotoa sauti kabisa, wanaongea kama karatasi inachanwa.

#22 Fundi_Mitambo
MamaKwaya, lakini Jumatano jioni nayo ilikuwa baada ya michezo.

#23 MamaKwaya
Siku moja kabla. Koo linajaza deni siku kwa siku. Na Jumatano hawakuambiwa warudie mara tisa. Mlezi, Alhamisi kila kikundi kilirudia mara ngapi?

#24 Mlezi_wa_Kambi
Cha mwisho mara kumi na moja. Samahani watoto wangu.

#25 Chorasi_Tamu
Nichokoze kidogo: si urekebishe tu kwenye kompyuta? Pandisha nusu toni tatu, ongeza kasi, weka Auto-Tune (programu ya kunyoosha nota), mwangwi, rudufu sauti. Hata wakubwa wamefanya. Ule wimbo maarufu wa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, wenye watoto, waliimba watoto mia mbili wa shule, na studio ikafanya mengine.

#26 Wakili_Pembeni
Hawakuwa mia mbili. Walikuwa wanafunzi 23 wa shule ya Islington Green, London, mwaka 1979. Studio ndiyo iliyozirudufu sauti zao mara 12 zikaonekana jeshi. Na kisa hakikuishia studio. Shule ililipwa pauni 1,000, wanafunzi wenyewe hawakulipwa chochote kwa mauzo. Mwaka 2004, wakiwa watu wazima, baadhi yao walitafutwa ili wadai mgao wao wa haki za waimbaji. Msingi wa madai ulikuwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1996.

Mlezi, nitakurudia kwenye hili, maana hujasema rekodi inakwenda wapi.

#27 Sikio_Kali
Chorasi_Tamu, ukipandisha nusu toni tatu kwenye kompyuta sauti ya mtoto inakuwa ya katuni. Programu nzuri zinajitahidi kulinda umbo la koo, ila nusu toni tatu kwa sauti nne zilizochanganyika kwenye maiki moja ni mbali. Auto-Tune nayo inataka sauti moja moja. Ukiipa kundi haijui imfuate nani.

#28 Chorasi_Tamu
Nimeelewa, narudi nyuma. Ila kurudufu je? Kama 23 wamekuwa jeshi, 14 wa Mlezi watashindwaje?

#29 Fundi_Mitambo
Kurudufu kwa kuwaimbisha upya mara mbili, sawa. Kunakili faili lilelile si kurudufu, ni kuongeza sauti tu. Na ukirudufu kilichokufa unapata makaburi mawili.

#30 BabaWawili
Fundi leo una maneno mazito.

#31 Nota_Tano
Naingia na pembe nyingine. Kwa nini lazima kinanda kiwaongoze? Wape wao ala. Carl Orff, mtunzi wa muziki Mjerumani, alibuni mtindo wake wa watoto kwa ajili ya redio kabisa, watoto wenyewe wakipiga zailofoni na ngoma ndogo hewani. Vibao vya kugonga vya zailofoni vinang'oka: toa fa na ti, zinabaki nota tano, na mtoto akigonga yoyote inakubaliana na nyingine. Anayepiga ala hana muda wa kuogopa maiki.

#32 Mwl_Solfa
Marekebisho madogo. Kazi yenyewe ilianza mapema, kwenye shule aliyoianzisha na Dorothee Günther mjini Munich mwaka 1924, na wanafunzi walikuwa vijana wa ngoma na mazoezi ya viungo, siyo watoto wadogo. Redio ya Bavaria ilikuja mwaka 1948, hapo ndipo yeye na Gunild Keetman walipoigeuza iwe ya watoto. Kwa hiyo redio ni nusu ya ukweli. Hayo ya kutoa fa na ti nakuunga mkono asilimia mia.

#33 Nota_Tano
Asante mwalimu, nimepokea.

Niongeze la kwangu. Kambini tulikuwa na kijana wa miaka kumi ambaye kwa siku tano hakuzungumza na mtu. Hakuwa mkorofi, alikuwa kimya tu. Nikamgeuzia ndoo ya plastiki, nikampa vijiti viwili nilivyovifunga kitambaa nchani. Aliigonga katikati, akasikiliza. Akaigonga ukingoni, akasikiliza. Akahamisha ndoo kutoka kwenye saruji hadi kwenye mkeka, akagonga tena, akatikisa kichwa, akairudisha kwenye saruji akiwa ameinua upande mmoja kwa kidole cha mguu ili ipumue. Hakuna aliyemfundisha. Kwenye rekodi ile pigo lake ndilo limeshika wimbo mzima, na hakuimba neno hata moja.

#34 Kinanda88
Huyo hakuambiwa afungue mdomo bila sauti. Mungu akubariki Nota.

#35 Wakili_Pembeni
Nimerudi. Mlezi: rekodi itabaki kwa wazazi, au itawekwa mtandaoni, au itauzwa?

#36 Mlezi_wa_Kambi
Wazazi watapewa. Uongozi wa kambi unataka pia kuiweka mtandaoni na picha za watoto. Wazazi walisaini fomu ya picha wakati wa kuandikisha.

#37 Chorasi_Tamu
Hapo si pamekwisha? Watoto chini ya miaka 18 hawana hakimiliki, wazazi wamesaini.

#38 Wakili_Pembeni
Hapana, na hili watu wengi wanalikosea. Hakimiliki haina umri. Aliyetunga ni mtunzi hata akiwa na miaka saba. Mzazi au mlezi anasaini kwa niaba yake kwa sababu mtoto hawezi kufunga mkataba peke yake, ila kinachosainiwa ni mali ya mtoto. Hapo una haki za aina mbili: maneno na muziki walioutunga, na uimbaji wao uliorekodiwa. Haki za waimbaji zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa Roma wa mwaka 1961. Ule wa WIPO, shirika la dunia la miliki ubunifu, wa mwaka 1996 ukazipa ulinzi usiopungua miaka 50. Utekelezaji unatofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo angalia sheria ya mahali ulipo.

Fomu ya picha haitoshi kwa rekodi ya sauti inayosambazwa. Andika fomu fupi: rekodi gani, inakwenda wapi, kwa muda gani, inauzwa au hapana, na mtu akitaka itolewe amwambie nani. Wimbo ukiwa wa kwao wenyewe umejiepusha na mzigo mmoja mkubwa, maana mkiimba wimbo wa mtu mwingine mnahitaji ruhusa yake kabla ya kuusambaza.

Majina: jina la kwanza tu. Jina kamili, uso na jina la kambi kwa pamoja mtandaoni, hapana kabisa.

#39 MamaKwaya
Na mtoto mwenyewe aulizwe. Mzazi anaweza kusema ndiyo na mtoto akawa hataki sauti yake isikike na watu asiowajua.

#40 Wakili_Pembeni
Sahihi kabisa mama. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12: mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, kulingana na umri na ukomavu wake.

#41 Sikio_Kali
Turudi kwenye maiki jamani, mtu ana siku mbili. Mlezi, una maiki ngapi?

#42 Mlezi_wa_Kambi
Kondensa mbili za aina moja. Ile ya pili nilikuwa sijaitoa mfukoni mwake.

#43 Sikio_Kali
Ndiyo hizo. Ukumbi uleule wa Jumatano. Ziweke kwenye stendi moja kwa mtindo uitwao ORTF wa kurekodi kwa maiki mbili: vichwa viachane sentimita 17, pembe kati yao nyuzi 110. Ziinue juu ya vichwa vya watoto, ziinamishe kidogo. Watoto nusu duara, mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye maiki. Wenye sauti kubwa nyuma, wenye sauti ndogo mbele. Rekodi kwa biti 24, kilele kikae karibu na desibeli –12, maana mtoto anatoka kwenye mnong'ono kwenda kwenye ukelele bila kukuaga. Hedifoni zote kabatini, hata za waya.

#44 Fundi_Mitambo
Viatu wavue. Makoti ya nailoni wavue, yanachakarisha kila wakiinua mkono. Viti vya plastiki viondoke. Piga kofi moja katikati ya ukumbi usikilize: ukisikia mlio wa haraka kama chuma kinatetemeka, kuta zinarushiana sauti, tundika magodoro mawili ukuta mmoja tu, si kote. Na Sikio, kama wanaimba bila kinanda, hakuna kuongeza kinanda baadaye. Wamesimama kwenye nota yao.

#45 Sikio_Kali
Kinanda kipigwe palepale ukumbini, chinichini, kikimfuata binti. Umesikia Mlezi? Unamfuata wewe.

#46 BabaWawili
Mimi nasema duara kamili, wasimame kuzunguka maiki.

#47 Sikio_Kali
Ukiwa na ORTF duara kamili linawapoteza walio nyuma ya maiki. Nusu duara iliyopinda sana, wanaonana.

#48 BabaWawili
Wanaonana nusu.

#49 Kinanda88
Kuna rekodi za watoto wa shule za Langley, Kanada, za mwaka 1976 na 1977. Walirekodiwa ukumbi wa michezo wa shule, tepu ya njia mbili tu. Zikalala miaka mingi, zikatolewa kama albamu mwaka 2001, na watu wakazipenda duniani kote. Nota zinayumba, mwangwi umejaa, ngoma inachelewa, na huwezi kuzizima. Mlezi usiogope ukumbi.

#50 Mlezi_wa_Kambi
Nimeandika yote. Kesho Jumamosi asubuhi. Nimeshaongea na uongozi, michezo itasogea mbele saa moja na nusu. Fomu mpya imeenda kwa wazazi leo. Ahsanteni.

#51 Mlezi_wa_Kambi
Jumamosi, saa sita mchana. Wakuu, tumepata.

Ukumbini, nusu duara iliyopinda, miguu mitupu, hakuna hedifoni. Binti akaanzisha. Nimeangalia: C, mwendo 106. Nikamfuata kwa kinanda, mkono mmoja tu. Wanne wakapiga ndoo na vijiti, nimewaweka nyuma kabisa. Jumla raundi nne, mapumziko baada ya mbili.

Raundi nzuri ni ya kwanza. Niliwaambia "hii si yenyewe, napima mitambo tu, imbeni nione taa". Kiitikio cha mwisho wawili wanacheka katikati ya neno na wote wanabaki kwenye nota. Raundi ya pili na ya tatu, nilipowaambia sasa ndiyo yenyewe, zimenyooka zaidi na zimepoa kidogo. Si kama Alhamisi, ila zimepoa.

#52 Mwl_Solfa
C. Nilisema.

#53 MamaKwaya
Asubuhi, kabla ya mpira. Hongera sana mwanangu.

#54 Sikio_Kali
Hedifoni kabatini. Tumemaliza.

#55 Fundi_Mitambo
Hakuna aliyeshinda. Umebadilisha chumba, ufunguo, saa, hedifoni, mpangilio na idadi ya watoto kwa mpigo mmoja. Hatutajua ni kipi.

Tena someni alichoandika: raundi iliyowaka ni ile waliyoambiwa si yenyewe. Kila kitu kingine kilikuwa sawa na raundi ya pili. Hapo hakuna nota wala koo. Mlezi kwenye #1 alisema woga wa maiki tukamkatalia.

#56 Sikio_Kali
Raundi ya kwanza sauti ilikuwa mbichi, haijachoka. Hiyo si woga.

#57 MamaKwaya
Baada ya raundi moja hakuna koo linalochoka, Sikio.

#58 BabaWawili
Na si kwamba waliiogopa maiki. Walikuogopa wewe, Mlezi, usihuzunike. Ukisema "sasa ndiyo yenyewe" uso unabadilika, na wao wanakutazama usoni kwa sababu nusu duara inawaelekeza kwako. Duara kamili lingewaokoa.

#59 Nota_Tano
Wapiga ndoo je, nao walipoa raundi ya pili?

#60 Mlezi_wa_Kambi
Nimesikiliza tena kwa ajili yako Nota. Hapana. Ndoo ni zilezile raundi zote nne.

#61 Nota_Tano
Hapo sasa.

#62 Mwl_Solfa
Raundi ya kwanza unaipeleka hivyohivyo? Na kile kicheko?

#63 Mlezi_wa_Kambi
Kicheko kinabaki, wote 14 wamekubali. Kilichonisumbua ni kile kinong'ono cha "moja, mbili" mwanzoni. Kipo tena, na safari hii kimenaswa vizuri mpaka unasikia mate. Nilitaka kukikata. Nikakumbuka #39 nikamwita binti, nikampa hedifoni, ya waya, nikamwekea. Akasikiliza mara mbili akiwa ameshika waya kwa vidole viwili. Akaniuliza, "Ukikata, watajuaje nani alianza?"

Hakijakatwa.

#64 Chorasi_Tamu
Na mimi wiki ijayo nina watoto 40, ukumbi una feni kubwa za darini. Nianzie wapi?

#65 Fundi_Mitambo
Feni zinazimika?